Mtu wa Pembeni Anavyogeuzwa Kuwa Taifa Zima

Machi 20, 2011, kwenye kanisa dogo mjini Gainesville, Florida, lenye waumini wapatao hamsini, mchungaji Terry Jones aliendesha alichokiita kesi dhidi ya Kurani, kisha nakala moja ikachomwa moto. Vyombo vikubwa vya Marekani kwa sehemu kubwa vilimpuuza. Siku nne baadaye Rais Hamid Karzai wa Afghanistan alikilaani kitendo hicho hadharani, na hapo ndipo habari ilipoenea nchini mwake. Aprili 1 umati ukavamia ofisi ya Umoja wa Mataifa mjini Mazar-i-Sharif na kuua wafanyakazi saba wa kigeni: raia wa Norway, wa Sweden na wa Romania, pamoja na walinzi wanne kutoka Nepal. Hapakuwa na Mmarekani hata mmoja.

Upande mmoja, mchungaji ambaye waumini wake wote wangeenea kwenye basi moja akawa "Marekani". Upande wa pili, umati wa mji mmoja ukawa "Waislamu". Na hakuna aliyelazimika kutunga chochote: Kurani ilichomwa kweli, watu waliuawa kweli. Kilichoharibika ni uwakilishi, yaani nani amechukuliwa kuwa sura ya wote. Ndiyo maana kelele za "habari za uongo" hazinishawishi sana linapokuja suala la Magharibi na jamii za Kiislamu. Uongo upo, tena mwingi. Lakini hasara kubwa huletwa na habari za kweli zilizochaguliwa vibaya, zikakatwa vibaya, kisha zikavishwa kichwa kisichozifaa.

Ili kuona inavyotokea, fuata habari tangu inapozaliwa. Sehemu kubwa ya habari za nje, iwe kwenye gazeti la London au runinga ya Cairo, hupitia mashirika matatu: Reuters, Associated Press na AFP. Mwandishi aliyeko eneo la tukio, mara nyingi mwenyeji anayelipwa kwa kila habari anayotuma, anapeleka alichokiona. Shirika linarusha kwanza mstari mmoja. Dakika chache baadaye zinafuata aya mbili tatu, na baadaye habari kamili ya maneno 400 hadi 600. Hiyo ya mwisho hupangwa kwa makusudi ili mhariri yeyote aweze kuikata kuanzia chini bila kuivunja: tukio juu, idadi ya waliokufa juu, kauli ya kiongozi katikati, historia na sababu mwishoni. Gazeti lenye nafasi ya maneno 120 linachukua aya tatu za mwanzo na kuacha zilizobaki. Kwa hiyo kinachopotea ni kilekile kila siku, aya inayoeleza kwa nini. Aliyesoma habari fupi mia moja za namna hiyo kuhusu Pakistan anajua milipuko mia na haelewi mgogoro hata mmoja.

Runinga inabana zaidi. Ripoti ya dakika mbili hubeba maneno yapatayo 250 ya mwandishi, na mhojiwa hupewa sekunde kumi hivi. Mhariri akiwa na wahojiwa wawili, mmoja anayejieleza kwa Kiingereza fasaha na mwingine mwenye uzito halisi katika jamii yake ila anahitaji mkalimani, wa kwanza ndiye atakayetoka hewani. Baadhi ya "viongozi wa Waislamu" wa Ulaya waliozoeleka kwenye skrini walipatikana hivyo tu: walipokea simu haraka na walieleweka bila mkalimani. Wengine walialikwa kwa sababu walikuwa wakali, na mkali hujaza kipindi.

Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichambua jinsi magazeti manne ya nchi yao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Cuba na Kupro. Hoja yao iliyodumu ni kwamba kadiri nchi ilivyo mbali kiutamaduni na isivyo na nguvu, ndivyo tukio lake linavyopaswa kuwa baya na rahisi kueleweka ili lipite mlangoni. Uchaguzi wa kawaida huko Indonesia, wenye mamilioni ya wapiga kura, hauna vigezo hivyo. Bomu lina vigezo vyote. Na hapo ramani nzima inapinda. Kwa makadirio ya Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ya mwaka 2010, asilimia 62 hivi ya Waislamu duniani waliishi Asia na Pasifiki, na asilimia 20 tu Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Nani angebuni hivyo kwa kutazama taarifa ya habari ya jioni huko Paris au Chicago?

Muundo wa kipindi nao unaweza kupotosha kabla hata neno halijasemwa. Baada ya ubalozi wa Marekani mjini Tehran kutekwa Novemba 4, 1979, kituo cha ABC kilianzisha taarifa maalumu ya kila usiku iliyohesabu siku za mateka, ambayo Machi 1980 iligeuzwa kuwa kipindi cha kudumu cha Nightline. Mateka 52 walishikiliwa siku 444. Kwa Wamarekani wengi huo ndio ulikuwa mwaka wao wa kwanza kusikia kuhusu Iran kila siku, na habari yenyewe ilijengwa juu ya hesabu ya siku. Taarifa inayoendeshwa na hesabu ina swali moja tu: je, wameachiwa? Mapinduzi ya 1953 yaliyomwondoa Waziri Mkuu wa Iran, Mossadegh, kwa mkono wa Marekani na Uingereza, ambayo Wairani wengi waliyakumbuka vizuri, hayakuwa na mahali rahisi pa kuingia katika swali hilo.

Saa za kwanza baada ya shambulio ndizo hatari kuliko zote, na sababu yake ni ya kikazi zaidi kuliko ya chuki. Kituo kiko hewani mfululizo, polisi hawajasema lolote, na kwenye orodha ya simu kuna mtaalamu wa ugaidi aliye tayari kukisia. Aprili 19, 1995, bomu liliua watu 168 mjini Oklahoma City, na saa zilezile za mwanzo wachambuzi walianza kuelekeza kidole Mashariki ya Kati. Mhusika alikuwa Timothy McVeigh, askari wa zamani wa Marekani. Julai 22, 2011, Anders Behring Breivik aliua watu 77 nchini Norway akiwa na itikadi ya kuuchukia Uislamu, na toleo la kwanza la gazeti la The Sun la Uingereza likatoka na ukurasa wa mbele uliolitaja shambulio hilo kuwa la al-Qaeda. Miaka 16 katikati, na kosa lilelile. Marekebisho huja kesho yake, ila hayapewi ukubwa wa herufi uleule.

Kisha kuna wingi wa kurudia. Mtafiti Erin Kearns na wenzake walichunguza mashambulizi 136 yaliyotokea Marekani kati ya 2006 na 2015, wakakuta kwamba yaliyofanywa na Waislamu yalipata wastani wa asilimia 357 zaidi ya habari kuliko mengine, hata baada ya kuzingatia mambo kama idadi ya waliokufa na aina ya waliolengwa. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Methali hiyo haifai hapa, kwa sababu lisemwalo mara nne zaidi huonekana kuwa lipo mara nne zaidi.

Kura za maoni ni mtego mwingine, na unategeka kirahisi kwa kuwa namba hutia heshima. Novemba 2015 The Sun ilitangaza ukurasa wa mbele kwamba Mwislamu mmoja kati ya watano nchini Uingereza anawahurumia wapiganaji wa jihadi. Fungua karatasi ya maswali uone kilichokuwamo. Kampuni ya Survation iliwahoji kwa simu Waislamu 1,003, ikiwatafuta kwa majina ya ukoo yanayodhaniwa kuwa ya Kiislamu, njia ambayo inawaacha nje waliosilimu na kuchanganya wasiohusika. Swali lilihusu huruma kwa vijana Waislamu wanaoondoka Uingereza kujiunga na wapiganaji Syria. Neno jihadi halikuwamo. Jina la kundi lolote halikuwamo, na wakati huo Syria ilikuwa na makundi mengi yanayopigana, mengine yakipigana dhidi ya Dola ya Kiislamu yenyewe. Tena kumhurumia kijana aliyepotoka si kukubaliana na alikokwenda. Asilimia 5 walisema wana huruma nyingi, asilimia 14.5 huruma kiasi. Gazeti likajumlisha, likabadilisha anayehurumiwa, likapata kichwa chake. Machi 2016 chombo cha kusimamia magazeti, IPSO, kiliamua kwamba habari hiyo ilipotosha kwa kiwango kikubwa. Ukikutana na namba ya aina hii, tafuta vitu vinne kabla ya kuiamini: maneno kamili ya swali, njia ya kuwapata wahojiwa, majibu yaliyounganishwa kupata asilimia moja, na kama wasio Waislamu waliulizwa swali hilohilo. Hilo la nne ndilo hukosekana zaidi, na bila hilo huna kipimo cha kulinganishia.

Picha zinahitaji jicho lingine. Aprili 9, 2003, sanamu ya Saddam Hussein iliangushwa katika uwanja wa Firdos mjini Baghdad, na dunia iliona picha ya karibu: watu wamejaa fremu, mnyororo shingoni mwa sanamu. Picha zilizopigwa kutoka juu au mbali zilionyesha uwanja wenye nafasi kubwa tupu, gari zito la jeshi la Marekani likivuta sanamu, na kundi dogo la watu wakiwemo waandishi wengi. Kwa nini uwanja huo na si mwingine? Kwa sababu Hoteli ya Palestine, walikokaa waandishi wa kigeni, ilikuwa pembeni yake. Siku moja kabla, kombora la kifaru cha Marekani lilikuwa limeipiga hoteli hiyo na kuua wapiga picha wawili, na shambulio jingine likamuua mwandishi wa Al Jazeera, Tareq Ayyoub, katika ofisi ya kituo hicho mjini humo. Kamera zilikuwa pale, basi historia nayo ikatokea pale. Unapoona umati kwenye picha, angalia kingo za fremu, tafuta picha ya pembe pana ya tukio lilelile, na usome maelezo ya picha kujua nani aliipiga na akiwa wapi. Umati wa watu arobaini wenye hasira ukipigwa karibu kwa lenzi ndefu unaonekana kama jiji zima.

Al Jazeera yenyewe ilianza Novemba 1, 1996, mjini Doha, ikichukua watumishi wengi wa runinga ya Kiarabu ya BBC iliyokuwa imefungwa Aprili mwaka huo. Vita ya Ghuba ya 1991 Waarabu wengi waliitazama kwa macho ya CNN au runinga za serikali zao. Ya 2003 waliiona kutoka wodi za hospitali za Iraq, wakati mtazamaji wa Marekani alikaa zaidi na wanajeshi wanaosonga mbele. Watu hao wawili walipokutana baadaye na kubishana hawakuwa wakitofautiana maoni. Walikuwa wameona vita viwili. Marekani ilijibu Februari 2004 kwa kuanzisha kituo chake cha Kiarabu, Alhurra, lakini kituo cha serikali iliyokalia nchi kwa mabavu kingeaminiwaje na ndugu wa waliokaliwa? Nayo Al Jazeera ina mwenye nyumba, dola ya Qatar, na mambo ya ndani ya Qatar hayachokonolewi kama ya jirani.

Nisionekane nimeegemea upande. Vyumba vya habari vya nchi nyingi za Kiislamu vina kasoro zao, na nyingine ni nzito. Wana waandishi wachache mno katika miji mikuu ya Magharibi, wanategemea tafsiri za mashirika, na ukali dhidi ya nchi ya mbali ni salama kuliko ukali dhidi ya waziri wa nyumbani. Mwaka 2011, miaka kumi baada ya Septemba 11, Pew ilihoji watu katika nchi kadhaa na hakukuwa na jamii moja ya Kiislamu ambamo hata asilimia 30 walikubali kwamba mashambulizi yale yalifanywa na Waarabu. Huo si ujinga wa wananchi. Ni matokeo ya miaka ya kusoma magazeti ambayo hayaaminiki hata yanaposema kweli.

Kasoro ya kawaida zaidi huko ni kuidhania Ulaya kuwa inaendeshwa kama nchi ambayo kila kibali ni baraka ya serikali. Juni 28, 2023, siku ya Idi el-Hajj, mkimbizi mmoja kutoka Iraq alichoma kurasa za Kurani nje ya msikiti mjini Stockholm. Habari iliyosambaa ilikuwa kwamba Sweden imeruhusu Kurani ichomwe. Kibali cha polisi nchini humo ni cha mkusanyiko na usalama wake, hakihukumu kitakachosemwa au kuchomwa. Tena polisi walikuwa wamejaribu kukataa maombi ya namna hiyo mapema mwaka huo, na mahakama zikatengua uamuzi wao. Maelezo hayo yangechukua sentensi mbili. Hayakuingia kwenye vichwa vya habari, na Julai 20 ubalozi wa Sweden mjini Baghdad ulivamiwa na kutiwa moto.

Mfano ninaoutumia zaidi kuonyesha pande zote mbili zikifanya kazi pamoja ni vibonzo vya Denmark. Gazeti la Jyllands-Posten lilichapisha michoro 12 ya Mtume Muhammad Septemba 30, 2005. Mabalozi 11 wa nchi za Kiislamu na Palestina waliomba kuonana na Waziri Mkuu Anders Fogh Rasmussen, akakataa. Oktoba 17 gazeti la El Fagr la Misri likachapisha baadhi ya vibonzo hivyo, mwezi wa Ramadhani, na hakuna aliyeandamana. Desemba ujumbe wa maimamu kutoka Denmark ulizunguka Mashariki ya Kati na jalada la kurasa 43, ambalo ndani yake kulikuwa na picha tatu ambazo gazeti halikuwahi kuzichapisha. Mojawapo ilikuwa ya mshiriki wa shindano la kuiga mlio wa nguruwe nchini Ufaransa, lisilohusiana na Uislamu kabisa. Mwishoni mwa Januari 2006 ukaja mgomo wa kutonunua bidhaa za Denmark, na Februari 4 ubalozi wake mjini Damascus ukachomwa.

Miezi minne! Hasira ya papo kwa hapo haichelewi hivyo. Pengo la muda kati ya tukio na ghasia ni alama kwamba kuna watu waliolibeba tukio kutoka mahali hadi mahali, kila mmoja na sababu yake: gazeti lililotaka kupima mipaka, waziri mkuu aliyetaka kuonekana imara mbele ya wapiga kura, maimamu waliopuuzwa nyumbani wakatafuta masikio nje, serikali za Kiarabu zilizofurahia kuwa watetezi wa dini kwa gharama ndogo. Maandamano ya Damascus, katika dola ambayo watu hawakusanyiki bila kuruhusiwa, yaliripotiwa Magharibi kama mlipuko wa imani.

Habari fupi yenye chanzo kimoja inatosha pia. Toleo la Newsweek la Mei 9, 2005, kwa kumtegemea ofisa mmoja asiyetajwa jina, lilidai kwamba uchunguzi wa jeshi la Marekani ungethibitisha Kurani kutupwa chooni katika gereza la Marekani la Guantánamo. Ghasia zikaua watu zaidi ya kumi Afghanistan, na Mei 16 jarida likaiondoa habari hiyo. Juni jeshi lilikiri matukio mengine ya kuivunjia Kurani heshima, si hilo la chooni. Kwa msomaji wa Marekani jarida lilikosea. Kwa wengi Kabul jarida lilinyamazishwa. Chanzo cha pili kingezuia yote mawili.

Kunyamaza nako si dawa. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2016, wanawake wengi walishambuliwa kingono na kuibiwa mjini Cologne, Ujerumani, na washukiwa wengi walielezwa kuwa wahamiaji kutoka Afrika Kaskazini na nchi za Kiarabu. Taarifa ya polisi ya asubuhi ilidai usiku ulikuwa shwari. Runinga ya ZDF haikuiweka habari hiyo kwenye taarifa yake kuu ya Januari 4, kisha ikaomba radhi. Waliokuwa wakidai vyombo vya habari vinaficha makosa ya Waislamu walipata ushahidi wa bure. Machi 2017 Baraza la Habari la Ujerumani lilirekebisha kifungu cha 12.1 cha kanuni zake za maadili: asili ya mshukiwa itajwe kunapokuwa na maslahi ya umma yenye msingi, si udadisi tu. Mimi naona ni kipimo kizuri, kwa sharti kwamba mhariri aandike sababu yake kabla ya kuchapisha na aitumie vilevile kwa mshukiwa wa jamii nyingine.

Kipimo ambacho msomaji anaweza kukifanya peke yake, kwa nusu saa: chukua habari moja, hesabu waliozungumza ndani yake na uandike kila mmoja ni nani. Ukiona waliozungumzia Waislamu ni watano na Waislamu wenyewe hakuna, au waliozungumzia Wafaransa ni wahubiri watatu na Mfaransa hakuna, umeshapata kasoro ya kwanza. Kisha tafuta tukio lilelile sehemu tatu: kwenye shirika la habari, kwenye chombo cha karibu na lilikotokea, na kwenye chombo cha upande wa pili. Usilinganishe maoni yao, linganisha aya walizokata.

Na kama unataka kuona chumba cha habari kikifanya tofauti, soma makubaliano ya Mei 2019 kati ya vyombo vitano vya New Zealand baada ya watu 51 kuuawa katika misikiti miwili ya Christchurch, Machi 15. TVNZ, Stuff, RNZ, NZME na MediaWorks walikubaliana kuhusu kesi: kupunguza kabisa kauli zinazoeneza ubaguzi wa kizungu, kutoonyesha ishara za itikadi hiyo, na kupeleka mahakamani waandishi wazoefu. Hukumu ilipotolewa Agosti 2020, sehemu kubwa ya ripoti zao ilikuwa maneno ya manusura na ndugu wa waliouawa, waliosimama mmoja baada ya mwingine kwa siku tatu. Makubaliano hayo hayakumfunga yeyote nje ya nchi. Baadhi ya tovuti za magazeti ya Uingereza zilikuwa zimeshaonyesha vipande vya video ya muuaji siku ileile ya shambulio.